Chetezo Kwenye Chumba cha Baruti

Msimwone Mwanahamisi kanyamaza mkadhani ni mpole. Mwanamke wa Muheza yule, mdomo anao! Doha nzima kilichoweza kumfunga mdomo ni kitu kimoja tu: kurudishwa kwao. Nyumba ya kwanza aliyofanyia kazi, kule Muaither, walimtimua kwa sababu ya birika lililovunjika. Na nyumba anayomjengea mama yake ndiyo kwanza ilikuwa imefika kwenye linta. Akifukuzwa tena, bati atalitoa wapi? Basi alipopata kazi kwa Ami Seif, kule Umm Salal nje ya Doha, aliapa hatavunja hata kijiko.

Ami Seif alikuwa mzee mstaafu, mzaliwa wa Unguja, na miaka yote ya Ghuba haikumtoa Kiswahili. Starehe yake ilikuwa kwenda klabu na bunduki yake yenye kibali, kutungua visahani vya udongo vinavyorushwa hewani. Lakini risasi ghali, jamani! Mwaka 2011 akapata ruhusa ya kuokota maganda yaliyokwisha kupigwa na kuyajaza baruti upya nyumbani. Mkewe, Bi Zuwena, akasema haya, jaza, ila riyali ya nyumba hii haiendi huko hata moja.

"Tutaona," akasema Ami, akamwita dereva wake wageuze chumba kimoja kitupu kuwa karakana bila kununua kitu.

Cornelius, Mkenya wa Kitale, alikuwa seremala kabla ya kushika usukani. "Mzee, usijali. Hapa Doha watu wanatupa vitu poa sana," akasema. Mlango wa villa iliyobomolewa ukawa uso wa meza. Mbao za makasha ya mizigo zikawa miguu. Droo zilitoka kwenye kabati lililoachwa karibu na mapipa ya taka, mtaa wa Fereej Bin Mahmoud. Mashine ya mkono ya kushindilia baruti kwenye maganda, kuukuu, walipewa na mwalimu wa shabaha aliyekuwa anarudi kwao. Na mizani? Ami aliichukua ile ya Bi Zuwena ya kupimia zafarani. We! Palikuwa hapakaliki.

Mwanahamisi alipowapelekea chai hakuacha kuchokoza. "Cornelius, hiyo meza au jeneza?"

"Dada, weka chai uende. Hii kazi haitaki mdomo."

Meza ilipokwisha kukazwa ukutani, Ami akatoa amri moja: humu moto marufuku. Cornelius akaisambaza nyumba nzima. Sigara hapana, kiberiti hapana, pasi hapana. Udi haukutajwa. Nani angeutaja? Udi watu hawauhesabu kuwa moto, udi ni heshima. Kwa Bi Zuwena na hata kwao Muheza, chumba kipya hakikaliwi kabla hakijafukizwa, na kila Alhamisi Mwanahamisi hupita na chetezo chumba hadi chumba.

Alhamisi hiyo akaona aibu kukiruka chumba cha Ami, mtu aliyempokea baada ya kutimuliwa kwingine. Akausukuma mlango kwa kiuno, chetezo mikononi, bismillahi mdomoni. Ami alikuwa ameinama mezani, kopo la baruti liko wazi mbele yake. Mwanahamisi akasogea hadi ubavuni pake, akainua chetezo afukize pembe ya meza. Kaa likaalika.

Ami hakupiga kelele. Alifunika mdomo wa kopo kwa kiganja chake, na cheche ikatua mgongoni mwa mkono ule. Mkono haukuondoka.

"Mwanahamisi, mwanangu," akasema, kama anayeomba chumvi. "Rudi kinyumenyume. Taratibu. Usikiinamishe."

Ndipo akaona kilichofunikwa. Akarudi nyuma hadi uani, akayafukia makaa mchangani. Kisha akaenda chumbani kwake kutoa sanduku lake.

"Unafanya nini?" Cornelius akamuuliza mlangoni.

"Nafungasha kabla sijafungashiwa."

"Kosa ni langu! Mimi ndiye niliyetaja sigara na kiberiti, udi nikausahau."

Mwanahamisi akaendelea kukunja nguo. Alikuwa anaiona nyumba ya mama yake, kuta bila paa. Punde Bi Zuwena akawaita wote wawili sebuleni. Mkono wa Ami ulikuwa umefungwa kitambaa.

"Nani kakuunguza?" Bi Zuwena akamuuliza mumewe, macho yako kwa Mwanahamisi.

"Mimi mwenyewe. Nilikataza moto, nikausahau wa chetezo."

"Na aliyekishika?"

"Aliyekishika alinisikiliza, akatoka taratibu. Mwingine angekitupa akakimbia, na saa hizi ungekuwa umekaa eda. Mshukuru."

Bi Zuwena akautazama mkono uliofungwa. Kisha akamwambia Mwanahamisi akarudishe nguo zake kabatini.

Kesho yake Cornelius alipigilia kibao nje ya chumba kile, pa kuweka chetezo. Jioni wageni wakajaa majlisi, ukumbi wa wageni, Ami akaagiza udi. Mwanahamisi aliogopa kukishika chetezo, akamsihi Cornelius akipeleke yeye. Ami akamwita kwa jina lake, mbele ya watu. Alipofika akasimama mbali; mzee akatangulia kunyoosha mkono, ule ule wenye kitambaa, akauelekeza kwenye moshi.

Machozi yakamtoka Mwanahamisi, hakujali wageni. "Ahsante, Ami. Mungu akulipe."

"Sogea karibu, mwanangu," Ami akasema. "Huko uliko moshi haunifikii."