Mzunguko wa Mia na Arobaini na Nne

Karatasi ya Ocie ya Jumapili ya tarehe ishirini Septemba mwaka 1964 ninayo mimi. Imekunjwa mara nne, imeingia rangi ya chai, na ina mistari mia na hamsini. Mia na arobaini na nne imejazwa kwa penseli, kwa ule mwandiko wake mdogo wa kubana. Sita iliyobaki ni mitupu. Kati ya hiyo iliyojazwa, mmoja umezidi, na juu ya huo mmoja tulijenga kila tulichonacho.

Ocie Mabe alikuwa shemeji yangu, mke wa kaka yangu Doyle. Hapa Dobbins Creek watu wanamkumbuka kwa kofia yake ya ukindu na chupa ya chai baridi, amekaa benchi la juu kule uwanjani, hageuki hata umwite kwa jina mara tatu. Magazeti ya Carolina Kaskazini yaliwaandika madereva wetu wote wanne. Hata mimi fundi yaliniandika mara mbili, na jina langu yakalikosea mara zote mbili. Ni Verlon, si Vernon. Ocie yalimwandika mara moja tu, na afadhali yasingemwandika. Basi namwandika mimi.

Tulianza mbio za magari mwaka 1956 na Ford ya mwaka 39 ambayo mwenyewe alikuwa akifugia kuku. Tuliitoa kinyesi kwa koleo, tukang'oa viti na vioo, tukachomelea mabomba ndani ili paa lisimwangukie dereva, tukaipaka rangi ya buluu. Tulitaka namba 16, lakini ilikuwa na mwenyewe. Ocie akasema, "Si muigeuze tu?" Ndivyo tulivyopata 61. Rangi ya kijani hatukuigusa, na karanga za maganda hazikuingia kwenye gereji yetu, maana huku kwetu hayo mawili ni mkosi na hakuna anayeuliza kwa nini.

"Hicho kibanda cha kuku kimekuja chenyewe au mmekibeba?" Hoyt Lineberry alituuliza Jumapili yetu ya kwanza. Hoyt alikuwa mkulima wa tumbaku, dereva wa namba 12. Alikuwa bora kuliko sisi na alijua hivyo.

"Kimekuja kukutagia mayai," Doyle akamjibu. "Lete sahani."

Siku zile wanawake hawakuruhusiwa kukanyaga sehemu ya mafundi. Walisema ni hatari, na mimi nilikuwa mmoja wa waliosema. Lakini kila timu ilipaswa kuleta mtu wake wa kuhesabu mizunguko, na kazi hiyo hakuna mwanamume aliyeitaka, kwa hiyo wakapewa wake zetu. Saa kubwa ilifungwa mlingotini, mkabala na benchi lao. Kila gari lako linapovuka mstari, unaitazama saa na kuandika dakika na sekunde. Hupigi makofi, hunywi maji, huendi msalani. Mbio zikisimamishwa ghafla, hakuna ushahidi mwingine ila karatasi zile. Bingwa wa siku hutoka kwenye penseli ya mke wa mtu.

Ocie alikaa bega kwa bega na Nadine, mke wa Hoyt. Waume zao walikuwa wakibamizana matako ya magari kule chini, na wao huku juu wakigawana mkate wa soseji.

Nilimwuliza Ocie siku moja, "Vumbi lote lile jekundu, unalionaje gari?"

"Silioni, shemeji. Nalisikia kwanza, ndipo nalitafuta."

Alisema kweli. Injini yetu ilikuwa na kikohozi. Doyle alipotoka kona ya nne ilikohoa mara moja kabla ya kunguruma, nami sikuweza kuitibu hata kwa dawa gani. Ocie alikijua kikohozi kile kama mama anavyomjua mwanawe aliye chumba cha pili.

Miaka minane tulishindana na hatukushinda hata mara moja. Siku ile ya Septemba, Doyle alishika nafasi ya kwanza kwenye mzunguko wa tisini na hakuiachia. Hoyt alikuwa nyuma yake, karibu sana. Ilibaki mizunguko saba tu. Mimi nilikuwa nimesimama sehemu ya mafundi, spana mkononi, nimeshaanza kufikiria kombe tutaliweka wapi, ndipo nikaona bati la buluu juu ya vumbi, ng'ambo ya pili, kona ya tatu, mahali ambapo gari halipaswi kuwa. Nilikimbia. Nilipofika kaka yangu alikuwa ameshakufa. Zaidi ya hapo sitaeleza.

Bendera nyekundu ilipandishwa na wakubwa wa uwanja wakakusanya karatasi. Ya Ocie ilikuwa na mizunguko mia na arobaini na nne. Ya Nadine pia, ila Hoyt alipita sekunde mbili baadaye. Kwa hiyo ikasemwa kwamba Doyle alivuka mstari mbele, akafa katika mzunguko uliofuata, na kombe likawa letu. Kwa vumbi lile, nani angebisha? Hoyt hakubisha, na Hoyt alikuwa mtu wa kubishana hata na mvua. Msimu ule alikosa ubingwa wa jimbo kwa pointi nne. Mimi nikasema moyoni, kumbe ni muungwana, amemheshimu maiti.

Gazeti lilimpiga Ocie picha makaburini, amevaa nyeusi, amekumbatia kombe. Picha ile ilimfikia Bwana Stamey, mwenye kinu cha chakula cha kuku, akalia machozi, akatununulia injini mpya. Baada ya injini tukapata gari jipya. Kisha gereji yenye sakafu ya saruji, kisha magari mawili, kisha lori refu la kuyabeba lenye 61 ubavuni, kubwa kunizidi kimo. Tulishinda ubingwa wa jimbo mara tatu. Watu kumi na wawili walikula kwa kazi ile, na wote walimwambia kila mgeni hadithi ya Doyle aliyeshinda na kufa.

Ocie aliendelea kuhesabu. Hakuolewa tena, hakuhama nyumba, hakukosa Jumapili. Jambo moja tu lilinitatiza. Katika kila karatasi aliyoniletea, chini ya mzunguko wa mwisho palikuwa na mstari ulioandikwa kisha ukafutwa kwa raba.

"Hapa umefuta nini?" nilimwuliza.

"Nilikosea."

"Kila Jumapili unakosea mahali pamoja?"

"Wewe tengeneza magari yako, Verlon."

Nikatengeneza magari yangu. Huo ndio uoga wangu, na nimeishi nao.

Mwaka 1991 uwanja ulikuwa umeshatiwa lami, na sasa wakafukia waya chini ya mstari. Kila gari likafungwa kidude, mashine ikawa inahesabu yenyewe. Wanawake wa benchi la juu wakapewa sahani ya shukrani yenye picha ya uwanja. Wiki hiyo hiyo Ocie alikuja gereji amekumbatia maboksi matatu ya viatu, karatasi zake zote za miaka ishirini na saba. Akayaweka juu ya meza yangu ya kazi na kunionyesha mistari iliyofutwa, mmoja baada ya mwingine.

"Mbio zikiisha," akasema, "injini zote zikizimwa, nalisikia linatoka kona ya nne. Linakohoa. Linavuka mstari. Mkono unaandika wenyewe, Verlon. Kisha naangalia, hakuna kitu, nafuta."

Nywele zilinisimama mchana kweupe, na redio inaimba.

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile ile. Siku ile tofauti yake ni kwamba nilikuwa sijajua kama ni wa kufutwa."

Nilikaa juu ya tairi. Halafu nikakasirika, maana hasira ndiyo inayonijia kwanza, Mungu anisamehe. "Ocie, una akili timamu? Miaka ishirini na saba! Si ungenyamaza nayo mpaka kaburini?"

"Huko ndiko siwezi kwenda nayo. Doyle yuko huko. Nitamwambia nini, kwamba nilimshindia kwa penseli?"

"Na hawa vijana? Na hili jina? Stamey alitununulia injini kwa ajili ya..."

"Najua Stamey alinunua nini." Akaniangalia, na sauti ikashuka. "Pengine alipita, shemeji. Nakikumbuka kikohozi, silikumbuki gari. Hoyt alikuwa nyuma yake. Ni mtu mmoja tu duniani anayejua."

Hapo ndipo nilipoelewa. Alisema anakwenda kurudisha kombe. Lakini alikuwa anakwenda kuuliza swali, na jibu alilolitaka lilikuwa moja tu.

Nilimpeleka mwenyewe. Sikutaka, lakini ningemwacha aende na nani? Hoyt alikuwa barazani kwake anamenya maharage ndani ya karai. Nadine alikuwa amefariki mwaka mmoja nyuma. Kofia ya jua ya Nadine bado ilining'inia msumarini.

"Mabe wawili kwa mpigo," Hoyt akasema. "Nani amekufa?"

Ocie akaliweka kombe mezani. "Hili ni lako, Hoyt."

Hakuligusa. Alimenya maharage matatu, manne. "Irudishe garini hiyo ndoo, dada yangu. Mimi sina pa kuiweka."

"Unajua kwa nini nimelileta?"

"Najua. Nadine aliniambia tukirudi nyumbani jioni ile ile. Akasema, Ocie ameandika mstari na hapakuwa na kitu, nilikuwa nautazama mkono wake. Nikamwambia, basi mshindi ni mimi, geuza gari turudi. Akasema, Hoyt Lineberry, ukifungua mdomo wako utajipikia mpaka ufe." Akacheka kidogo, kisha akaacha. "Nikamwuliza, na ubingwa wangu je? Akasema, wewe utapata Septemba nyingine. Ocie hatapata."

Hoyt hakuipata hiyo Septemba nyingine. Sote watatu tulilijua hilo. Mimi nilitamani baraza linimeze. Muungwana alikuwa Nadine, na miaka yote ile nilimpita bila hata kumvulia kofia.

Ocie alikuwa bado amesimama, mkono mmoja juu ya kombe.

"Nadine alikuwa anautazama mkono wangu," akasema. "Hakuwa anatazama mstari. Wewe ulikuwa nyuma ya Doyle, Hoyt. Wewe uliona nini?"

Hoyt akaniangalia mimi. Nikatikisa kichwa nyuma ya bega la Ocie, polepole, kumwomba. Mdanganye. Mara moja tu katika maisha yako, mzee, danganya.

Lakini Hoyt hakuwa na kipaji hicho.

"Aliruka ukingo mbele ya macho yangu," akasema. "Kutoka pale mpaka mstarini mbele yangu hapakuwa na gari. Palikuwa na vumbi lake tu."

"Kwa hiyo hakupita."

"Hakupita, Ocie."

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu dukani. Akashukuru. Akamwuliza kama anakula vizuri siku hizi, akapokea mfuko wa maharage aliopewa. Njiani kombe lilikuwa katikati yetu kwenye kiti. Nilijiambia, walau sasa amepumzika.

Jumapili iliyofuata alikuja uwanjani kama kawaida. Hakuna aliyemhitaji, mashine ilikuwa inafanya kazi, lakini nani angethubutu kumfukuza? Alikaa kwenye benchi lile tupu na penseli yake, akahesabu mizunguko yote mia na hamsini. 61 ilimaliza ya pili. Bendera ikashushwa, magari yakaingia, injini zikazimwa moja moja mpaka ukasikia watoto wakigombania soda. Nikapanda ngazi kwenda kwake. Katika miaka thelathini na mitano nilikuwa sijawahi kufika juu kule.

Karatasi ilikuwa mapajani. Chini ya mzunguko wa mwisho palikuwa peupe, hapakuandikwa wala hapakufutwa. Penseli ilikuwa mkononi bado, na uso wake umeelekea kona ya nne.

"Twende, shemeji," nikamwambia. "Imekwisha."

"Haji," akasema.

"Ndiyo vizuri hivyo. Sasa utapumzika."

Akanigeukia, na sijawahi kuona mtu mpweke kama yeye wakati ule. "Jumapili zote hizi alikuwa anapita, Verlon. Kila Jumapili, mara moja. Mimi mwenyewe nimekwenda kumzuia."

Nilikaa kando yake, mahali pa Nadine. Chini yetu vijana wangu walikuwa wanalipakia gari kwenye lori, wakanipungia mkono tuondoke, nami nikawapungia waende. Tulikaa pale sisi wawili, nyuso zetu kona ya nne, na mimi nisiyeamini mambo hayo nilikuwa nimezuia pumzi nasikiliza.