Mpira wa Baiskeli ya Baba

Enzi zetu, kijijini kwetu karibu na Kiomboi, dawa ya kila kitu ilikuwa mafuta ya alizeti. Ngozi ikipauka, alizeti. Bawaba ya mlango ikilia, alizeti. Kwa hiyo baiskeli ya mtumba ya baba ilipoanza kulia kama kifaranga, nayo akaipaka alizeti.

Baiskeli ile haikuwa na mwenzake kijijini. Mbele ya gurudumu la nyuma, katikati ya fremu, ilikuwa na kipande cha mpira mnene kilichobonyea kila ukipita shimo. Watoto tuligombania kukaa kwenye keria tusikie inavyonesa. Lakini mwenye haki ya kwanza alikuwa mama. Alikuwa na ujauzito wa mdogo wangu, na ule wa kabla yake ulikuwa umeharibika. Nesi alimkanya asirushwerushwe njiani.

Asubuhi ya kliniki, mama ameshajifunga kitenge, baba akaijaribu baiskeli. Ngumu kama gogo. Mafuta yalikuwa yamenasa vumbi lote la kiangazi na mpira umeganda. Baba akailaza chini, akafungua boliti, mimi na kaka tukavuta gurudumu nyuma mpaka mpira ukachomoka, umejaa tope jeusi linalonukia chapati. Nikakimbilia chupa ya mafuta ya taa.

"Weka chini, hayo yatauharibu," baba akasema.

Akauosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya mche, akachokonoa uchafu kwa unyoya wa kuku, akaukausha kwa shati lake la kanisani maana ndilo lililokuwa safi. Mama alimtazama kutoka mkekani, mkono tumboni. Niliogopa sana.

Mpira ukarudishwa mahali pake, wakaondoka. Walirudi jioni, wote wazima.

"Baba Neema, mashimo ya leo umeyapeleka wapi?" mama akamtania, nasi tukacheka mpaka machozi.

Mdogo wangu huyo sasa ana gari. Vijana wa leo, hata pancha humpigia fundi simu. Juzi alitupeleka hospitali kutoka kwake Mandewa, mimi na mama. Baba tulishamzika. Shimo moja likamrusha mama kitini.

"Mpira umejaa vumbi huo," akasema taratibu, "na wa kuutoa hayupo."

Mdogo wangu akamtazama kwenye kioo.

"Mpira gani, mama?"