Siku Tuliyomchagulia Mjomba Kifua

Mimi nilikuwa mtaalamu wa mambo ya kujikinga kabla Mjomba hajayafikiria. Darasa la sita lote nilivaa daftari la hesabu ndani ya kaptula, upande wa nyuma, na nikajifunza mambo mawili. Daftari nene hulia "pwaa" na mwalimu anajua. Daftari likishuka kidogo tu, kiboko kinapata nafasi yake. Kwa hivyo Mjomba aliposema anaenda Kwa Vonza kuchagua mabamba ya kuzuia risasi, nilimwambia hawezi kwenda bila fundi.

Mjomba alikuwa dereva wa lori la ng'ombe. Alikuwa akiwatoa kaskazini, siku mbili za vumbi, na kuna kipande cha njia ambacho madereva walikipita bila kuongea. Mwezi uliotangulia, lori lililokuwa mbele yake lilipigwa risasi mlangoni. Dereva alipona, lakini mkono wake hauinuki tena. Tangu siku hiyo Susu, yaani nyanya yangu, alikuwa akimwambia Mjomba aache hiyo kazi, na Mjomba anamuuliza, "Niache nile nini, Mama? Vyungu vyako?"

Susu alikuwa mfinyanzi. Vyungu vyake aliviuza hapo hapo sokoni Kwa Vonza.

Sasa tajiri wa lori, mzee Mwislamu mwenye ndevu nyekundu za hina, alikuwa amenunua mnadani vizibao vya askari vilivyokwisha kazi. Kila kizibao kina mfuko kifuani na mfuko mgongoni, na yote mitupu. Mabamba ya kutia humo yalikuja kwenye gunia la mahindi, yamechanganyika kama viazi. Mengine ya chuma, mengine ya udongo mgumu wa kuchomwa, umevikwa kitambaa cha kijani. Gunia lenyewe lilitupwa chini kutoka juu ya lori. Kishindo nilikisikia mwenyewe.

"Chagua mawili," tajiri akamwambia Mjomba. "Kesho asubuhi safari."

Mjomba akakimbilia chuma, kama mtu yeyote mwenye akili. Akatia bamba moja mbele, jingine nyuma, akapanda kwenye lori, akakaa. Lile la mbele likapanda likamshika kidevu, na huku chini likabana usukani. Akajaribu kukata kona. Shingo ilikata, lori likakataa.

"Mjomba, unafanana na kobe anayetafuta leseni."

"Nyamaza wewe." Alikuwa anahema. "Na tumbo mbona limebaki nje?"

"Tumbo litashonwa," tajiri akasema. "Moyo haushonwi. Tafuta fupi. Lianzie hapa," akamgusa chini ya koo, "liishie juu ya kitovu. Na usilichague ukiwa umesimama. Wewe kazi yako ni ya kukaa."

Ya chuma yote yalikuwa marefu. Yakabaki ya udongo. Mjomba akachukua lenye kitambaa safi kuliko yote. Susu, ambaye alikuwa ameachia jirani vyungu vyake na kusimama hapo, akanyoosha mkono.

"Lete hapa."

Akalishika kwa ncha za vidole, akalisogeza sikioni, akaligonga kwa kifundo cha kidole. Kwa.

"Hili limekufa."

"Mama, hicho si chungu."

"Ni udongo?"

"Ndiyo."

"Umechomwa?"

"Ndiyo, Mama."

"Basi nyamaza."

Chungu kizima ukikigonga kinasema ngee. Chenye ufa kinasema kwa, hata kama ufa wenyewe huuoni. Susu akagonga la pili, la tatu, la nne. Yote maiti. Katika gunia zima alipata mawili tu yaliyo hai na ya kipimo cha Mjomba. Moja likaingia mgongoni. La pili nikapewa nilishike.

Kunipa mimi kitu nishike! Nikalitia ndani ya shati, nikatoa kifua, nikatembea kama hedimasta siku ya gwaride. "Piga! Nani ana bunduki? Piga hapa!" Akina mama wauza nyanya wakacheka, nikaongeza mwendo, na shati langu halikuwa limechomekwa. Bamba likapita chini likaangukia jiwe.

Susu akaliokota. Akaligonga.

Kwa.

Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Alikaa chini na lile bamba mapajani, akasema polepole, "Na anaondoka kesho."

Nikamwaga gunia lote nikagonga upya, moja moja, mpaka kidole kikavimba. "Unapiga hodi kwa nani?" akina mama wauza nyanya wakaniuliza. La mwisho nalo likasema kwa. Nikaingia stoo ya tajiri kuuliza kama kuna gunia lingine. Halikuwepo. Lakini dirishani palikuwa na rundo la magunia matupu, na juu yake kitu cha kijani kimeyakandamiza yasipeperuke.

"Hilo?" tajiri akasema. "Nililitoa kwanza, huko huko mnadani, nione ni kitu gani. Nikaja nalo mbele kwa dereva, mapajani."

Mapajani! Halikutupwa! Nikalibeba kwa mikono miwili kama mtoto wa chifu. Nikaligonga. Ngee. Sikujiamini, nikampelekea Susu. Akaligonga mara tatu, akafumba macho, akamkabidhi Mjomba mkononi.

"Huyu asiliguse tena," akasema.

Mjomba akakaa kwenye lori. Kidevu huru. Akazunguka soko zima, mbuzi wakatawanyika, na usukani haukumgusa popote ila tumboni, ambako ulikuwa umezoea.

Alirudi baada ya siku nane. Susu alikuwa kando ya barabara tangu saa nne. Mjomba aliposhuka, Susu hakumsalimu. Alimgonga kifuani kwanza, mara tatu. Ngee.

"Karibu," nikajibu kutoka nyuma ya lori, "lakini mwenye nyumba amenenepa!"

Susu alicheka mpaka akashika tairi. Mjomba naye akatuambia hakuna aliyempiga risasi, na kwamba kile kipande alikipita akiimba. Turniboi wake, msaidizi wa lori, alithibitisha, akaongeza kwamba afadhali risasi.

Lile bamba nililoliua, Susu analifunikia mtungi wa maji. Hajawahi kulitaja. Lakini kila nikienda kunywa lazima nilitoe kwanza, na kila nikilitoa, nalishika kwa mikono miwili.