Sigara Niliyompa Mdogo Wangu

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo hadi leo naikumbuka kwa uchungu. Nilikuwa kijana wa miaka kumi na tisa kwetu Buganguzi, na mdogo wangu Byabato alikuwa na kumi na sita. Tulikuwa tumemaliza kuanika kahawa ya baba. Nikawasha sigara, nikavuta, nikampa. Akakohoa mpaka machozi yakamtoka. Nikamwambia mwanaume hakohoi. Akavuta tena ili nisimcheke.

Mimi niliacha nilipooa, maana mke wangu hakutaka harufu ile nyumbani. Byabato hakuacha. Alihamia Kibeta, akawa fundi seremala, na kila jioni baada ya kazi alivuta huku akinywa enkonyagi, ile pombe kali inayotokana na ndizi zetu. Lakini Jumapili hakukosa kanisani. Alikuwa na sauti nene, na besi ya kwaya ilimtegemea yeye.

Mwaka juzi alikuja kunisalimia. Tulipokuwa tukila, nikaona anatafunia upande mmoja.

"Una nini?" nikamuuliza.

"Kidonda kidogo tu, Kaka. Jino linakwaruza ulimi."

Akafungua mdomo, nikakiona. Kilikuwa pembeni mwa ulimi, kimezungukwa na weupe. Alisema hakimuumi sana. Nikamwambia asukutue kwa maji ya chumvi. Ndivyo nilivyomtibu, mimi kaka mtu.

Miezi mitano ikapita. Kila nilipompigia simu alinijibu kwamba kinaendelea vizuri. Mke wake, Kemilembe, ndiye aliyeniambia ukweli: anameza kwa shida, na shingoni kumetokea uvimbe. Nikampeleka hospitali mjini Bukoba. Daktari wa kinywa, binti mpole aliyetuamkia kabla ya kuuliza lolote, alitaka kujua anavuta tangu lini na kama anakunywa. Byabato akanitazama, kisha akainamisha kichwa. Wakakata kipande kidogo cha nyama, wakakipeleka kupimwa. Ilikuwa saratani.

"Wazee wangu," daktari alisema, "tumbaku peke yake ni hatari, na pombe peke yake ni hatari. Vikienda pamoja, hatari inazidi sana. Kidonda hiki kingeletwa mapema, tungekuwa na nafasi nzuri zaidi."

Akapelekwa hospitali kubwa ya Mwanza, wakamkata sehemu kubwa ya ulimi, kisha akapigwa mionzi. Alirudi amekonda, akinywa uji kwa mrija. Jumapili aliketi na kwaya mahali pake pa siku zote, ameshika kitabu cha nyimbo, haimbi. Nilikaa nyuma, nikashindwa kumtazama.

Kisha uvimbe ukarudi, akawa mtu wa kulala tu. Mchana mmoja, nikiwa kando ya kitanda chake, nikamwomba msamaha kwa ile sigara. Akachukua daftari, akaandika polepole: "Kaka, wewe ulinipa moja. Nyingine zote nilinunua mwenyewe." Nikadhani amemaliza. Akaongeza mstari: "Ila kidonda tulikiona wote wawili."

Wiki tatu baadaye tulimzika Buganguzi, karibu na baba.

Basi, mwanangu, usianze tumbaku, iwe ya kuvuta, ya kunusa au ya kuweka chini ya mdomo. Hata tambuu ile inayotafunwa pamoja na popoo si salama. Pombe nayo usiizoee. Wala usijidanganye kwamba kwa kuwa huvuti, huwezi kuugua. Wapo waliopatwa na saratani hii bila kugusa vitu hivyo, na daktari yule aliniambia, ingawa mzee kama mimi naona haya kulisema, kwamba kuna kirusi cha kuambukizana kwa kujamiiana ambacho nacho huleta saratani ya kinywa na koo. Ukiona kidonda, baka jeupe au jekundu, au uvimbe kinywani, na wiki mbili zimepita hakijapona, nenda hospitali hata kama hakiumi. Ukikiona kwa ndugu yako, usimwachie ushauri ukaondoka kama nilivyofanya mimi. Mshike mkono, mwende pamoja siku hiyohiyo.

Mukama, Mungu wetu, akulinde, mwanangu. Akuache na sauti yako mpaka uzeeni, uwaite wajukuu zako kwa majina yao, nao wakuitikie.