Madoa Meusi kwenye Taa za Plastiki

Siku yangu ya kwanza kwenye mradi wa taa nilipewa glavu nyeupe na onyo. "Fundi Tluway, hii si redio," Mhandisi wa Mradi aliniambia. "Ukiigusa kwa kidole chenye jasho umeiua." Miaka yote ya tisini nilikuwa nimetengeneza redio pale Karatu, na vidole vyangu vilikuwa na makovu ya risasi ya kulehemu. Nilivificha ndani ya glavu zile nikajiona msomi.

Akanipa kioo chembamba, ukubwa wa daftari. Juu yake zilipakwa tabaka za polima, yaani plastiki ya aina ya pekee. Plastiki mnayoijua ninyi huzuia umeme, ndiyo maana waya huvikwa plastiki. Hii iliupitisha kiasi, si kama shaba wala si kama kandambili, na kitu cha namna hiyo huitwa nusu-kipitishi. Umeme uliingia kwa tabaka la chini na kwa metali nyembamba ya juu. Ulipokutana katikati, plastiki yenyewe iliwaka. Kioo hicho ndicho kilikuwa taa yenyewe; niliiwasha. Mwanga ulikuwa laini kama maziwa, hauumizi macho. Sitawadanganya, niliipenda kazi ile hapohapo.

Adui wa tabaka zile ni hewa na unyevu. Kwa hiyo ukingo wa kioo huzibwa kwa gundi. Gundi ikilegea, unyevu hupenya, na mahali ulipopenya hutokea doa jeusi ambalo hukua kila siku taa inapotumika. Kazi yangu ilikuwa kuyapima madoa hayo.

Kituo cha kwanza kilikuwa ghala letu Ngorongoro, juu kwenye ukingo wa kreta. Kule ukungu unaingia hadi kwenye godoro. Shati ukilianika Jumatatu, Alhamisi bado bichi. Gari la mradi liliharibika, na maboksi ya taa yakakaa ghalani humo msimu mzima wa mvua. Nilipoyafungua, karibu kila kioo kilikuwa na doa pembeni.

"Bosi, gundi haijashika," nilimwambia Mhandisi. "Hizi zirudishwe zilikotoka."

"Vidoa tu hivyo. Wafadhili wanakuja mwezi ujao, unataka niwaonyeshe maboksi?"

"Vitakua, bosi."

"Nimekuajiri upime, Tluway. Sikukuajiri uamue."

Tukashusha taa hadi zahanati moja upande wa Olbalbal. Mkunga wa pale aliitwa Nesi Naserian, mzaliwa wa hukohuko, aliyesomea Arusha akakubali kurudi vumbini wakati wenzake walikataa. Chumba chake cha kujifungulia kilikuwa na kidirisha kimoja tu, na tyubulaiti ya sola aliyoihangaikia mwenyewe mpaka akaipata. Mhandisi aliagiza ing'olewe, isivuruge vipimo vyetu. Niliing'oa mimi.

Naserian alinitazama nikiwa bado juu ya ngazi. "Kaka fundi, hii yenu itanifikisha? Huku sina pa kukimbilia."

Mhandisi alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Itakufikisha, dada," nikasema.

Wiki chache baadaye, mchana, upepo wa vumbi ulivuma, na pale zahanati wakafunga kidirisha. Mama mmoja alikuwa amejifungua salama, lakini amechanika na damu haikomi. Naserian alikuwa na sindano mkononi taa ilipoanza kuwa nyeusi kutoka pembeni kuja katikati, kisha ikazima kabisa. Alimshona yule mama mlango ukiwa wazi ili apate mwanga, wanawake wawili wakishika shuka kuzuia vumbi. Halikuzuilika. Yule mama alipona, ila kidonda kilioza, akalazwa muda mrefu hospitali, na hakuzaa tena.

Nilifika kesho yake. Naserian hakunitukana. Alinikabidhi kile kioo akasema, "Uliniambia itanifikisha." Akaingia ndani.

Ripoti ya mradi iliandikwa kwamba mtumiaji aliifuta taa kwa kitambaa kibichi. Palihitajika saini ya fundi.

"Saini," Mhandisi alisema. "Mradi ukifa, na wewe umekufa nao."

Nilikuwa na watoto shuleni. Sababu hiyo nimeirudia miaka mingi, na bado haijatosha. Nilisaini. Naserian akapewa barua ya onyo na kuhamishwa. Mradi ukafa mwaka uliofuata hata hivyo.

Leo simu za wajukuu zangu zina tabaka kama zile, zimezibwa vizuri, zinawaka miaka. Elimu haikuwa na kosa. Ninyi vijana mnaoingia kwenye ufundi, mtafundishwa kupima kila kitu. Hakuna atakayewafundisha kusema matokeo mbele ya bosi.

Nilipostaafu nilimtafuta Naserian. Nilimkuta Baray, kwenye shamba la vitunguu la mumewe, mvi zimemjaa. Nikamweleza yote: ukungu, madoa, saini. Alisikiliza huku akimenya kitunguu.

"Nilijua, kaka Tluway," alisema. "Uso wako ulisema siku ileile, pale juu ya ngazi. Nilikuwa nangoja mdomo wako useme wakati ungenisaidia."

Alinipa chai. Niliinywa yote, kisha nikapanda gari la Karatu, na hakunisindikiza.