Vitambaa vya Kanga kwenye Makaratasi ya Babu

Mwanangu, nianze na ujinga wenyewe tusichoshane. Nilikata kwa mkasi vitambaa thalathini na kimoja vya kanga, nikavitia kwenye mfuko mweusi, nikaupeleka jaani huku napiga mluzi. Nakuita mwanangu ingawa nipo darasa la kumi na moja na ndevu zangu nnazijua moja moja kwa majina. Nivumilie. Wiki hii nimezeeka.

Babu yangu alikuwa mwalimu wa walimu. Miaka yote ya kazi alifundisha Kiingereza kwenye chuo cha ualimu Salalah, kule kusini, na Bibi akabaki huku Maskati akilea. Alipofariki mwaka jana aliacha kabati zima la chuma: ripoti za wanafunzi wake walipokwenda kujaribu kufundisha, masomo aliyoyatayarisha, barua za chuo, barua za nyumbani. Sasa chuo kimeyaomba makaratasi hayo yakawekwe maktaba. Mama akaniambia, "Khalfan, likizo ya kulala imekwisha. Yapange makaratasi ya babu yako. Ya kazi mbali, ya nyumbani mbali."

Kila bunda lilifungwa kwa kitambaa kilichochanwa kwenye kanga kuukuu. Chekundu, cha njano, cha mabaka meusi. Mimi nikaona matambara. Kimoja nilijifunga kichwani, nikajipiga picha, nikawapelekea wenzangu wa skuli: Waziri wa Makaratasi. Kisha nikakata vyote, nikachambua, nikajaza mafaili ya plastiki. Kabla ya laasiri nimemaliza, nadai zawadi.

Jumapili akaja Bi Thuraya, mama wa maktaba ya chuo, mtu mpole. Alipokwisha kunywa kahawa akauliza kama zipo ripoti za darasa la kwanza la wasichana. Nikainuka. Bibi akanizuia.

"Kaa, mume wangu. Hizo nazileta mimi."

Bibi anasoma Msahafu, lakini Kiingereza hakijui, na macho nayo siku hizi hayamsaidii. Aliingia chumbani, tukamsikia anapapasa plastiki. Halafu akaita:

"Liko wapi lile bunda la kanga ya njano?"

"Limo kwenye faili la buluu, Bibi."

"Sikukuuliza faili. Vitambaa vyangu umevipeleka wapi?"

"Jaani. Nilidhani matambara."

Akarudi, akakaa taratibu. "Nisamehe, mgeni wangu," akamwambia Bi Thuraya. "Humo ndani mimi sijui tena kitu."

Hakunigombeza, mwanangu. Angenigombeza ningepata la kujibu.

Mama ndiye aliyenieleza. Kila Babu alipokuja likizo alileta mzigo wa makaratasi, na Bibi aliufunga kwa kipande cha kanga aliyokuwa akiivaa siku hizo. Ya njano ndiyo aliyoivaa alipomzaa Mama. Babu akitaka kitu alimuuliza yeye, na yeye alikivuta bila kusoma hata herufi. Babu mwenyewe tarehe hakuandika. Aliandika "Jumanne" tu. Jumanne ya mwaka gani? Anajua Bibi. Bi Thuraya alisema karatasi isiyojulikana ni ya lini chuo hakiwezi kuichukua, na atarudi baada ya wiki mbili.

Basi leo siku ya sita tupo chini kwenye zulia, mimi na Bibi. Namsomea kwa Kiswahili, anafumba macho, anasema, "Hapo mama yako alikuwa anaota meno," nami naiweka mahala pake. Ile picha yangu ya uwaziri imetusaidia kidogo, nyuma ya kichwa changu yanaonekana mabunda manne. Kile kitambaa cha kichwani, cha mabaka meusi, Bibi amesogeza simu hadi kwenye jicho, ameitazama sana, hajakumbuka. Tumerudisha mabunda tisa. Yeye anachoka, mimi nachoka. Na tangu siku ile ananiita Khalfan.

Nasaha yangu ni hii. Ukipewa vitu vya mtu uvipange, kwanza muulize aliyeishi navyo, hata kama hawezi kusoma kilichoandikwa. Na usiwe na haraka ya kutenga kazi ya mtu na nyumba yake. Bibi alivifunga pamoja, na mimi nimevunjika mgongo kuvirudisha. Mungu akupe bibi, akuachie kwa muda mrefu, na akuepushe na mkasi.

Sina zaidi. Nakuachia alichosema Mama Jumapili ile, mgeni alipokwisha ondoka, amekaa kitandani anachana kanga zake mwenyewe, kipande kimoja kila kanga, ananirushia magotini:

"Kaa kitako na bibi yako. Yeye akumbuke, wewe ufunge, na usimharakishe. Siku atakapokuita mume tena, uje uniambie."