Maneno Mawili Nyuma ya Picha ya Katumba

Kadi namba 412 ilikuwa na kosa, na aliyeligundua ni mteja aliyekuja kutoa kopi ya cheti cha kuzaliwa cha mwanawe.

Mteja huyo, Josephat, analima tumbaku Katumba, kwenye makazi ya Warundi waliokimbia nchi yao mwaka 1972. Akisubiri mashine ipate moto, aliisoma kadi iliyokuwa juu ya kaunta, akacheka.

"Dada, nani kakwambia huyu ni baba?"

"Imeandikwa nyuma ya picha," alijibu Theopista, mwenye duka. "Data wacu. Baba yetu."

"Imeandikwa, ila siyo ulivyosoma. Data ndiyo baba. Data wacu ni ndugu yake baba, mdogo au mkubwa. Nyie Wapimbwe mkisikia neno moja la Kirundi mnajiona mmezaliwa Bururi."

Theopista hakucheka. Mwezi mmoja nyuma alikuwa ameikuza picha hiyo, akaitia kwenye fremu na kumpelekea mwanamke wa Katumba aitwaye Spès, akimwambia kwamba hatimaye baba yake amepatikana. Spès ana miaka hamsini. Baba yake, Gaspar, alikufa kwa homa mwaka 1977, yeye akiwa bado anajifunza kutembea. Mama yake naye alishafariki, na nyumbani hapakuwa na picha hata moja. Sasa Jumamosi iliyokuwa ikija wanajumuiya wa kanisani wangekusanyika kwake kumwombea marehemu mbele ya picha. Josephat alicheka siku ya Jumatano.

Theopista ana miaka arobaini na minne. Amezaliwa Kasansa, kwenye familia ya wakulima wa mpunga, na ana duka la steshenari mtaa wa Majengo, mjini Mpanda. Anatoa kopi, anapiga picha za pasipoti, na anahudumia misiba. Mtu akifiwa huleta picha ya zamani yenye watu wengi, anaweka kidole kwenye sura moja na kusema, "Mtoe huyu tu." Kwa miaka mingi alimtoa huyo tu, akafuta waliobaki.

Mwaka 2017 aliletewa picha ya wanaume kumi na mmoja mbele ya behewa la treni. Alimtoa mmoja kama alivyoombwa. Kisha aliwatazama wale kumi kwenye kompyuta na hakubonyeza kitufe cha kufuta. Tangu hapo humwomba kila mteja ruhusa ya kubaki na nakala ya picha nzima. Kila picha ina kadi yenye mistari minne: kilichoko mbele, kilichoko nyuma, aliyeileta, alichosema. Zimefika zaidi ya mia sita. Siku duka likiwa limefungwa huenda kwenye maparokia na ofisi za vijiji kuomba kuona madaftari ya zamani. Kwingine hukaribishwa, kwingine huambiwa alete barua. Mumewe, Maiko, ambaye ni seremala, ndiye aliyemtengenezea kabati la kadi. Analiita kabati la marehemu wasiotuhusu.

Picha namba 412 ililetwa na Hana, mjane wa Yotham, kaka yake Spès. Ilikuwa kwenye sanduku la bati la Yotham. Inamwonyesha mwanamume mwenye shati jeupe, amesimama mlangoni mwa nyumba ya udongo, majani marefu yakimfunika hadi magotini. Hana hakumjua. Nyuma ya picha kulikuwa na maandishi ya penseli: Data wacu, 1976.

Theopista alifika kwenye jibu lake kwa urahisi. Sanduku ni la Yotham, kwa hiyo maneno ni ya Yotham. Kwa Kipimbwe baba ni tata, na data haiko mbali na tata. Wacu akaifanya wetu. Baba yake Yotham ndiye baba yake Spès. Hakumwuliza mtu yeyote anayezungumza Kirundi, katika mkoa wenye maelfu yao.

Sasa, kwa hesabu ya Josephat, mtu wa ukutani kwa Spès alikuwa ndugu wa Gaspar, siyo Gaspar.

"Nyamaza tu," Maiko alimshauri. "Mama wa watu ameshafurahi. Baba, baba mdogo, si damu moja?"

"Damu moja. Siyo mtu mmoja."

Alhamisi asubuhi alifunga duka, akapanda bodaboda hadi Katumba. Alimkuta Spès uani, nyuma ya mabani ya kukaushia tumbaku, akipukuchua mahindi.

"Mama Picha! Umekuja kunisaidia au umekuja kula?"

"Nimekuja na kosa langu, dada."

Alilieleza lote akiwa amesimama. Spès hakuacha kupukuchua. Alimaliza gunzi lililokuwa mkononi, akalitupa, akachukua jingine.

"Mwezi mzima nikiamka namsalimia," alisema. "Umenipa baba, leo umekuja kumchukua. Hayo maneno ya nyuma, mbona kwenye fremu hayapo?"

"Nilikuza upande wa mbele tu."

"Mimi naongea Kirundi tangu sijaota meno. Uliniuliza data wacu ni nini?"

"Sikukuuliza."

"Hukuniuliza. Lete niyaone."

Theopista alimpa simu yenye picha ya upande wa nyuma. Spès aliisogeza karibu na macho, kisha akaiweka mbali.

"Kaandika nani?"

"Kaka yako. Ilikuwa kwenye sanduku lake."

Spès alicheka, kicheko cha mtu mwenye hasira. "Yotham? Yotham hajawahi kuandika hata jina lake! Kwenye tumbaku dole gumba, kwenye ndoa dole gumba. Padri mwenyewe alimfutia wino. Mama Picha, wewe na kabati lako lote, hujui nani kaandika?"

Theopista aliikumbuka kadi. Katika mistari yake minne hapakuwa na mahali pa swali hilo.

"Mwaka huo kwenye ukoo wetu aliyekuwa shule ni mmoja," Spès aliendelea, sasa polepole. "Silvesta. Mtoto wa baba mkubwa. Yuko Mishamo."

Theopista alianza hesabu upya. Kama ameandika Silvesta, basi mtu wa pichani ni ndugu wa baba yake Silvesta. Anaweza kuwa Gaspar. Anaweza pia kuwa ndugu mwingine, kama alikuwepo.

Spès alishaanza kutafuta namba. Theopista alimshika mkono.

"Usimwambie tunachotaka kusikia. Tumtumie sura tu, tumwulize huyu ni nani."

"Na akisema ni mwingine?"

"Nitamwandika huyo mwingine."

Spès alimpa simu atume mwenyewe. Mtandao ulisumbua. Picha ilipoondoka, Theopista alikaa chini naye akaanza kupukuchua. Walijaza nusu beseni kabla simu haijaita. Spès aliiweka sauti ya juu.

"Hii mmeitoa wapi?" Silvesta alikuwa akipiga kelele kama mtu anayeita ng'ambo ya mto. "Hii nimeiandika nyuma kwa mkono wangu, nipo darasa la tano!"

"Ni nani huyo, kaka?"

"Unaniuliza mimi? Gaspar huyo! Baba yako. Kwangu ni data wacu, ulitaka nimwite nani? Nilimwachia Yotham siku nahamia huku, nikamwambia tunza, huyu ni wenu."

Theopista alitoa kadi kwenye mkoba. Hakufuta kilichokuwepo. Alikipiga mstari mmoja na kuandika chini yake: Gaspar, baba wa Spès; maneno ya nyuma yaliandikwa na Silvesta, mtoto wa kaka yake; kwa maelezo ya Silvesta mwenyewe, kwa simu. Kadi zake sasa zina mstari wa tano, wa aliyeandika nyuma. Kati ya picha 240 zenye maandishi, anamjua mwandishi wa picha thelathini na moja. Ameanza kuwapigia simu walioleta zilizobaki, na kila wiki anapata mwandishi mmoja au wawili.

Siku ile uani, Spès alikuwa hajamaliza na binamu yake.

"Alikuwa mrefu hivi kweli? Kichwa kinakaribia paa."

"Mrefu! Amepanda kisiki. Pori ndiyo kwanza limekatwa, visiki kila mahali. Mpiga picha katoka Mpanda na baiskeli yake, Gaspar akasema yeye hapigwi picha akiwa mfupi kuliko mlango. Mama yako alikuwa anampita kichwa kizima!"

Spès aliingia ndani na simu mkononi. Alipanda kigoda ili aifikie fremu, akaishusha, akatoka nayo kwenye mwanga. Miguu haikuonekana kwenye majani. Alianza kucheka, safari hii bila hasira, mpaka akajifuta macho kwa kanga.

"Na mimi najiuliza miaka yote ufupi huu nimeutoa wapi," alisema. "Silvesta, Jumamosi uje uwaeleze wanajumuiya yeye ni nani. Uanze safari Ijumaa, usichelewe. Ila habari ya kisiki niachie niseme mwenyewe."